Mlango wa Bibi na Mashine ya Kukausha Hewa

Jumapili, 9 Machi

Leo ni tarehe tisa Machi, na mimi, Yuster Kahangwa wa Kidato cha Tatu, naahidi kuandika humu kila kitu kitakachotokea nyumbani kwetu, mtaa wa Bakoba hapa Bukoba, masika haya, pamoja na yale yatakayoniaibisha mimi au kumwaibisha baba. Mjomba Mutembei ndiye aliyeniomba. Alipiga simu baada ya misa akasema:

"Yuster, baba yako nikimuuliza kitu chochote anasema kizuri. Viatu nilivyomtumia vilikuwa vyote vya mguu wa kushoto, akasema vizuri sana. Sasa hii mashine nataka ukweli. Andika, halafu unitumie daftari kwa basi."

Mashine ilifika jana kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa kwenye blanketi la hoteli. Hoteli anakofanya kazi mjomba imenunua mpya, na wafanyakazi wakagawiwa za zamani. Ni ya kijivu, inanifika gotini, ina magurudumu, na ina kioo kidogo chenye namba. Inavuta hewa yenye maji, inaitoa ikiwa kavu, na maji yanadondokea kwenye ndoo iliyo tumboni mwake. Namba ile ni unyevu wa hewa. Daktari alishasema kifua changu kinataka namba isiyozidi sitini. Tulipoiwasha ilionyesha tisini na moja.

"Inatutukana," alisema mama.

Sababu ya haya yote ni pumu yangu. Masika ya mwaka jana ukuta wa chumba changu uliota ukungu mweusi kama ramani, na nilikosa shule karibu nusu ya muhula. Baba amesema, na ninaandika kama alivyosema: "Masika haya yakikupiga tena, mwezi wa sita unahamia Singida kwa shangazi yako Rosalina. Kule hewa ni kavu." Shangazi Rosalina ni mwalimu mkuu, na hata kuku wake hupanga mstari asubuhi. Simchukii. Lakini darasa langu liko hapa, rafiki yangu Ashura wa nyumba ya pili yuko hapa, na mimi nataka kufanya mtihani wa Kidato cha Nne nikiwa hapa. Kwa hiyo ninaipenda mashine hii hata kabla haijafanya lolote.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesoma kitabu cha maelekezo mpaka mwisho kwa msaada wa kamusi. Kina picha ya mama wa Kizungu anayeitabasamia mashine. Sharti kubwa ni moja: mlango na madirisha vifungwe. Vikiwa wazi, mashine itajaribu kukausha hewa ya Bukoba yote pamoja na ziwa, na itashindwa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Sabini na sita. Soksi zangu zimekauka.

Alhamisi, 13 Machi

Sitini na nane! Baba, ambaye ni karani katika ghala la kahawa, amefurahi kuliko mimi.

"Mtoto ni kama kahawa," aliniambia wakati wa chakula. "Kahawa ikiingia ghalani na unyevu inaota ukungu, halafu hakuna anayeitaka."

"Mwanangu anatakiwa na watu," alisema mama.

"Nasema kwa mfano."

"Tafuta mfano mwingine."

Baba alitazama sahani yake. "Maharage," alisema.

Jumamosi, 15 Machi

Leo Bibi Skolastika amekuja kutoka Buganguzi. Mjomba, ninajua ni mama yako na ninajua utayasoma haya. Niliahidi ukweli.

Atakaa nasi masika yote kwa sababu ya kliniki ya presha, maana barabara ya kwao ikinyeshewa haipitiki. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na mkungu wa ndizi, kuku wawili na mfuko wa kahawa ya kutafuna, akakuta mlango wetu umefungwa saa nne asubuhi. Hakubisha hodi. Aliusukuma, akatupita bila salamu, akaenda moja kwa moja jikoni na kufunua sufuria.

"Saa nne!" alisema. "Mmejifungia ndani saa nne! Mnakula nini?"

"Hatuli kitu, Mama," alisema mama. "Karibu ukae."

Bibi alikuwa ameshika mfuniko. "Maharage?" Alionekana kuumia zaidi kuliko kama angekuta nyama. "Binti yangu, mnawakwepa watu kwa ajili ya maharage?"

Akafungua mlango wazi kabisa, akaukingia jiwe ili usirudi, akafungua na madirisha yote mawili ya sebuleni. Halafu akavuta kiti akakaa mahali ambapo anaona njia, akaanza kusalimia wapita njia mmoja mmoja kwa Kihaya, na kila mmoja alisimama, na waliokuwa na mwavuli waliingia nao ndani.

Baba alirudi saa nane akakuta namba ni tisini na tatu. Sasa, mjomba, unajua mkwe kwetu alivyo. Baba hawezi kumkosoa mama mkwe wake, hawezi kumwelekeza, na hata kumtazama usoni hamtazami. Alisimama katikati ya sebule, akatazama kalenda iliyo ukutani.

"Kalenda," alisema kwa heshima, "mashine hii inapenda mlango uliofungwa."

Bibi naye aliitazama kalenda. "Mwambie mwenye nyumba," alisema, "mimi napenda watu."

Jumapili, 16 Machi

Nilijaribu kumweleza Bibi kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa kueleza jaribio la sayansi. Nilivuta ndoo ya mashine nikamwonyesha maji.

"Haya yametoka hewani, Bibi."

"Kwa nguvu ya nini?"

"Umeme."

Bibi alinyoosha mkono kuelekea chini kwenye ziwa, ambalo leo lilikuwa la kijivu na kubwa kuliko kawaida. "Maji yote yale Mungu ameyaweka pale bure," alisema, "na nyinyi mnayatafuta hewani kwa luku."

Nilirudisha ndoo tumboni mwa mashine.

Jumatano, 19 Machi

Tisini. Kifua kimeanza kupiga filimbi darasani. Mwalimu wa Hisabati alidhani ni mtu wa nyuma akamtoa nje Ombeni, ambaye hakuwa amefanya kosa. Nilijieleza, akarudishwa.

Jumamosi, 22 Machi

Mama amezungumza na Bibi jikoni kwa muda mrefu. Bibi hajawahi kuniona nikibanwa; mwaka jana alikuwa Buganguzi, na anaamini pumu ni mafua ya watoto wa mjini yanayotaka asali na supu. Lakini amekubali kujaribu. Alisema "nitajaribu" kama mtu aliyeombwa auze shamba.

Jiwe limeondolewa. Bibi amekaa sebuleni kutwa nzima akiutazama mlango uliofungwa. Kila akisikia miguu nje anasema, "Yule anapita," na mpaka mtu huyo afike mbali anatuuliza alikuwa nani.

Namba imeshuka hadi sabini na moja. Ninafurahi na ninaona haya kwa wakati mmoja.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Sitini na sita.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Kila mwaka Bi Hafidha, mama yake Ashura, hutuletea sahani ya pilau, na sisi Krismasi huwapelekea ndizi na nyama. Leo tumesubiri hadi magharibi. Haikuja.

"Labda mwaka huu wana wageni wengi," alisema mama, lakini alikuwa ameshaosha sahani ya kurudishia.

Jumatano, 2 Aprili

Ashura hakuniwekea nafasi kwenye dawati. Wakati wa mapumziko nilimfuata.

"Mama anauliza pilau yetu ina kasoro gani," alisema.

"Pilau ipi?"

"Nilikuja nayo mkononi. Nimepiga hodi mpaka sauti imekauka. Mlango umefungwa, na ndani namsikia bibi yako anacheka na redio. Nikarudi nayo. Unajua mama alivyojisikia? Jirani anafunga mlango siku ya Idd!"

Nilimweleza habari ya mashine na kelele zake. Ashura ni mwelewa. Alisema mimi ananiamini, ila mtaa hauniamini, kwa sababu mtaa tayari una maelezo yake. Wengine wanasema tunakula nyama Kwaresma. Wengine wanasema baba amepunguzwa kazi na anaona aibu. Wengine wanasema nyumba yetu ina mtu ndani asiyetakiwa kuonekana.

"Nani?"

"Hawajakubaliana."

Jumamosi, 5 Aprili

Saa tatu asubuhi tulipigiwa hodi, na mama alipofungua alimkuta Ta Mushumbusi, mzee wa mtaa wetu, amevaa kanzu na koti, pamoja na wazee wengine wawili wenye nyuso za huzuni. Waliingia, wakakaa, wakavua kofia.

"Poleni sana," alisema Ta Mushumbusi.

"Tumeshapoa," alijibu baba kwa mazoea, halafu akashtuka. "Poleni na nini, Mzee?"

"Na msiba."

"Msiba wa nani?"

Ta Mushumbusi alitazamana na wenzake. "Hilo ndilo tulilokuja kuuliza," alisema. "Maana mlango umefungwa wiki mbili, sauti za watu tunazisikia chini chini, na ndani kuna kitu kinanguruma. Tukasema labda mnaogopa kutangaza. Sisi ni majirani, Ta Kahangwa. Mtu wenu tungemzika."

Bibi alipiga makofi mara moja. "Kalenda!" alisema. "Si nilisema?"

Basi baba hakuwa na njia. Aliivuta mashine kwa magurudumu hadi katikati ya sebule, akaifuta kwa mkono, akaieleza. Mjomba, aliieleza vizuri kuliko kitabu. Alisema kuhusu kifua changu, kuhusu hewa, kuhusu mlango. Akavuta ndoo na wazee wakachungulia maji mmoja baada ya mwingine kama wanaochungulia mtoto mchanga.

"Kwa hiyo inakausha," alisema Ta Mushumbusi.

"Inakausha."

"Inakausha kitu chochote?"

Mimi nilimtazama baba. Mama alimtazama baba. Lakini baba, kama ulivyosema wewe mwenyewe, ni mtu wa kusema kizuri.

"Chochote!" alisema.

Jumatatu, 7 Aprili

Ta Mushumbusi ameleta kahawa yake, debe zima, imenyeshewa kabla haijakauka. Bibi amempokea. Mlango uko wazi.

Jumatano, 9 Aprili

Sare za shule za nyumba nne zimetundikwa sebuleni. Siyo zetu. Bibi amefunga kamba mwenyewe. Themanini na nane.

Alhamisi, 10 Aprili

Godoro la Bi Hafidha. Angalau tumepatana naye. Alimletea mama sahani ya pilau nyingine, na Ashura ameniwekea nafasi.

Nilimwambia Bibi kwa upole kwamba mashine ni ya hewa, siyo ya magodoro. Aliniambia, "Mjukuu wangu, mtu amebeba godoro kichwani kwenye mvua kuja kwako. Unamwambia nini?" Nimeona kwamba Bibi na mashine hawawezi kukaa nyumba moja, na kwamba Bibi ndiye atakayebaki.

Jumamosi, 12 Aprili

Tisini. Natumia dawa ya kuvuta asubuhi na jioni. Mama na baba hawajui ya jioni.

Alhamisi, 17 Aprili

Ninaandika ya jana, kwa sababu jana sikuweza.

Nilitoka shule na Ashura kwenye mvua. Kabla sijafika nyumbani nilisikia mashine inalia pi, pi, pi, jinsi inavyolia ndoo ikijaa na hakuna wa kuimwaga. Baba na mama walikuwa kazini. Mlango ulikuwa wazi na mlangoni kulikuwa na viatu vingi kama msikitini.

Ndani, godoro la Bi Hafidha lilikuwa limeegemezwa ukutani likiziba mlango wa chumba changu. Kahawa ya Ta Mushumbusi ilikuwa mkekani. Sare zilining'inia juu. Na mbele ya mdomo wa mashine, juu ya turubai, zilikuwa dagaa. Zilikuwa za Mayunga, mchuuzi anayezileta kutoka kisiwa cha Bumbire, ambaye wiki nzima alikosa jua na mzigo ukanyeshewa kwenye boti. Mtu fulani sokoni alimwambia Bakoba kuna nyumba yenye jua ndani. Mkokoteni wake ulikuwa nje. Wenye mali wote walikuwepo, kwa sababu si heshima kumwachia mtu mzigo wako na kuondoka. Walikaa wakitafuna kahawa na kuitazama mashine kama watu wanaotazama mpira. Jiko la mkaa lilikuwa katikati na birika la chai linafuka. Namba ilikuwa tisini na sita.

Bibi aling'aa aliponiona. Sijawahi kumwona na furaha vile tangu aje. "Mjukuu wangu huyo! Njoo usalimie wageni."

Mjomba, nilifundishwa kusalimia, na nilisalimia. Nilipiga goti kwa Ta Mushumbusi, shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, shule haijambo, haijambo. Nilipiga goti kwa Bi Hafidha, shikamoo, marahaba mwanangu, umelowa, nimelowa. Nilikuwa nahesabu waliobaki na pumzi niliyonayo, na niliona havilingani. Nilipofika kwa Mayunga nilipiga goti, na "shikamoo" ikatoka nusu.

"Marahaba," alisema Mayunga, akasubiri nusu nyingine.

Haikuja. Kifua kilijifunga kama gunia lililokazwa kamba. Nilionyesha mlango wa chumba changu, ambako dawa ilikuwa, na wote waligeuka kutazama godoro. Ta Mushumbusi alisema nipewe maji. Mwingine alisema nipigwe mgongoni. Bi Hafidha ndiye aliyenyanyuka, akalishika peke yake godoro lile lililokuwa zito kwa maji, akalitupa juu ya dagaa, akaingia chumbani na kutoka na dawa. Mayunga aliziruka dagaa zake. Alikimbia nje akamwaga magunia yaliyobaki kwenye mkokoteni, akanipakia mimi, na kunisukuma hadi hospitali kwenye mvua, Ashura akikimbia pembeni na mwavuli ambao haukumfunika yeyote.

Nesi aliponikaribia alikunja pua. "Huyu amekula nini?" aliuliza.

"Hajala," alisema Mayunga akihema. "Amepanda mkokoteni wa dagaa."

Walinivutisha dawa ya mvuke na nikarudi kuwa mtu. Nilipofungua macho vizuri, Bibi alikuwa amekaa mwisho wa kitanda, mikono magotini. Alikuja kwa miguu. Hakusema chochote kuhusu asali. Alikuwa anatazama kifua changu kikipanda na kushuka, kama anayetazama chungu ambacho kinaweza kufurika.

Baba alifika na mama. Baba alisimama akatazama ukuta, lakini ukuta wa hospitali hauna kalenda.

"Mwezi wa sita," alisema. "Singida."



Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nyumba ni tupu. Kila mtu amekuja kuchukua kitu chake na kusema pole akiwa nje, bila kuingia. Mashine imehamishiwa chumbani kwangu, ninakolala na Bibi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tuliporudi misa, Bibi alibeba kiti chake akakipeleka nje barazani chini ya bati. Akarudi akabeba cha pili. Akabeba na mkeka, na jiko, na kikapu cha kahawa ya kutafuna. Akavaa sweta la baba. Halafu akaufunga mlango, yeye mwenyewe, akakaa mbele yake.

Mama alifungua kidogo. "Mama, unafanya nini huko kwenye mvua?"

"Napokea wageni. Funga, hewa inaingia."

Ta Mushumbusi alipokuja saa tisa aliutazama mlango, akamtazama Bibi. "Kwa hiyo tumefukuzwa, Ma Skolastika?"

"Nani amekufukuza, waitu, ndugu yetu? Huoni kiti? Kaa. Ukitaka kuona ndani, ndani hakuna kitu, kuna mtoto anapumua."

Akakaa. Bi Hafidha akaja na kigoda chake. Hadi jioni walikuwa saba, na walicheka kwa sauti kubwa kuliko walivyowahi kucheka sebuleni, maana nje hakuna anayemwogopa mwenye nyumba.

Sitini na tisa.

Jumatano, 23 Aprili

Sitini na tatu. Bibi amekuwa bawabu. Mtu akitaka kuingia anamuuliza shida yake kwanza. Leo baba mwenyewe alirudi kazini akakuta zamu.

"Anaingia kukaa au anachukua kitu?" Bibi aliiuliza nguzo ya baraza.

"Anakaa," baba aliijibu nguzo.

"Basi apite haraka."

Jumamosi, 26 Aprili

Hamsini na tisa. Nimeandika namba hii kwa maneno, na sasa naiandika tena: 59. Nimelala usiku kucha.

Alhamisi, 1 Mei

Hamsini na nane.

Jumapili, 4 Mei

Mvua ya mawe. Bibi na wageni wake walirudisha viti nyuma hadi migongo ikagusa mlango. Hakuna aliyeomba kuingia. Nikiwa ndani nilisikia Bi Hafidha akisema, "Ma Skolastika, na sisi tutapata pumu hapa," na Bibi akajibu, "Ukiipata nitakukopesha mashine." Nimecheka peke yangu. Mwezi uliopita niliamini Bibi anawapenda wapita njia kuliko anavyonipenda mimi. Sikuwa nimeelewa kwamba anaweza kutupenda wote, na kwamba alichokosa ni mahali pa kutuweka.

Jumamosi, 10 Mei

Baba amesema: "Mei ikiisha namba haijapanda juu ya sitini, na kifua kikiwa kimya, Singida tutakwenda kusalimia tu." Nimemwomba arudie mbele ya mama. Amerudia.

Jumatano, 14 Mei

Kuna jambo, na niliahidi kila kitu. Bibi anakohoa. Anaficha. Anasubiri pikipiki ipite ndipo akohoe. Nisingejua, ila jana luku iliisha, mashine ikanyamaza, na pikipiki zilikuwa chache.

Nilimuuliza. Alisema ni Ta Mushumbusi aliyekohoa. Ta Mushumbusi hakuwepo.

Jumamosi, 17 Mei

Mama amempeleka Bibi kliniki. Daktari amesema ni baridi ya barazani iliyomwingia kifuani, na umri wake si wa kuchezea. Ameandika dawa, na amesema akae ndani, kwenye chumba kikavu, mpaka mvua iishe. Chumba kikavu ni kimoja tu katika nyumba yetu.

Bibi alikataa. Alirudi akakaa kwenye kiti chake barazani. "Ndani kumefungwa," alisema. "Nitamwona nani? Nitakaa na mashine tusalimiane?"

Mama alimbembeleza. Mimi nilimbembeleza. Ndipo baba akatoka. Nilidhani ataongea na nguzo. Alikuja akachuchumaa mbele ya kiti, akainua macho, akamtazama Bibi usoni.

"Mama," alisema, "nakuomba uingie ndani."

Hata Ta Mushumbusi aliacha kutafuna. Bibi akasema taratibu, "Ta Kahangwa. Umenitazama."

"Nimekutazama, Mama. Nisamehe."

"Kumbe una macho mazuri," alisema Bibi. Akashika mkono wa mama, akanyanyuka.

Lakini alipofika mlangoni mwa chumba alitoa sharti. Dirisha la chumba chetu linatazama njia. Bibi anataka liachwe wazi. Nilimwambia kioo cha dirisha kinaonyesha kila kitu hata likifungwa.

"Kioo kinaonyesha," alisema, "hakisalimii."

Jumapili, 18 Mei

Tumejaribu. Dirisha likiwa limefungwa, na sisi wawili ndani, namba ni hamsini na tisa. Likiwa wazi lote, ndani ya saa moja ilifika themanini, tukalifunga, na baba amesema jaribio hilo moja tu hatalihesabu. Dirisha letu ni la kusukuma, kwa hiyo linaweza kuachwa wazi kidogo. Bibi amepunguza sharti lake. Amesema hahitaji dirisha zima, anahitaji nafasi ya uso wake tu. Alipima mwenyewe: aliweka uso pale, akaniambia nichore kwa chaki mahali mashavu yanapoishia. Nimechora. Wageni wamekubali kusimama nje na kuzungumza naye hapo, mmoja mmoja, na Ta Mushumbusi ameshaanza kupanga foleni.

Ila sijathubutu kuliacha wazi, maana Mei bado haijaisha na namba iko mlangoni pa sitini. Bibi amelala akitazama ukuta, na kila miguu ikipita nje anauliza ni nani.

Kwa hiyo nakutumia daftari kabla masika hayajaisha. Basi linaondoka kesho alfajiri, na nakuomba unijibu kwa basi hilohilo litakaporudi. Sitaki kwenda Singida, na sitaki mama yako akae humu akisikiliza tu watu wakipita. Kitabu cha maelekezo nimekirudia chote, hakina ukurasa wa jambo hili. Mashine wewe unaijua, na uso wa Bibi unaujua upana wake: je, mjomba, nikiliacha dirisha wazi kwa kiasi hicho tu, mashine itaweza kuizuia namba isipite sitini?